Mchezaji wa Pili Ni Mbuzi

Nianze kwa kujianika mwenyewe kabla mke wangu hajanianika. Mtu mzima mimi, ndevu zina mvi, nilikwenda dukani kumnunulia binti yangu gemu ambayo shujaa wake ni msichana, nikarudi nyumbani na gemu ambayo msichana kafungiwa ndani ya chupa. Chupa yenyewe kubwa, ya kijani, imezibwa kizibo cha gogo, na yeye yumo ndani kakunja miguu, anapiga kioo kwa viganja, anamsubiri mvulana mwenye kofia aruke mashimo yote ya dunia aje amfungulie. Kwenye jalada walimchora mkubwa kuliko wote, anacheka. Mimi nikakiona kicheko, chupa sikuiona.

Kosa lilikuwa la ulimi. Nyinyi wenzangu mliokulia Kiswahili mtanielewa na labda mtanisamehe. Kwetu mtu ni mtu. Amekuja, amekula, ameondoka. Kama ni wa kiume au wa kike utajua ukimwona. Waingereza hawakubali. Kabla hujasema mtu kafanya nini, sharti kwanza useme ni hi au ni shi. Na mimi, pamoja na miaka yangu yote ya Queensbury, hapa London, nikiwa na haraka humgawia hi kila kiumbe. Mke wangu hi. Mama mkwe hi. Mkunga aliyemzalisha mke wangu naye nilimshukuru kwa hi, akanitazama mpaka nikatoka chumbani. Basi siku hiyo nilisimama mbele ya kijana wa dukani, nikamweleza kwa fahari kwamba nina binti, hi ni mwerevu sana, hi anapenda kurukaruka, na nataka gemu ambayo hi ndiye bosi. Kijana akaitikia kwa adabu, akaniletea gemu ambayo hi ndiye bosi. Nimlaumu kwa lipi?

Niseme pia kwamba madukani si kwangu. Mimi ni mtu wa ndani. Wapo waliokuja London wakaiona London; mimi nimeiona njia ya kwenda kituo cha treni na ile ya kurudi. Ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko sebuleni, kati ya kochi na televisheni, na wateja wanaleta suruali za kupunguza, zipu za kubadili na sare za shule za kuongeza pindo. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, Muheza, na cheti changu hakuna mtu aliyewahi kuniomba nikionyeshe, kwa hiyo kiko salama kabisa. Mke wangu ni nesi. Yeye ndiye anayetoka, mimi ndiye ninayeuliza amerudi na nini.

Mpaka nikavaa viatu kwenda dukani, ujue palikuwa na jambo.

Binti yetu anaitwa Rukia, ana miaka saba. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tunachoongea kwa kunong'ona, ila akijibu anajibu Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Siku moja karudi shule, anachovya mkate kwenye chai, nikamuuliza mapumziko wanacheza nini. Akanieleza kuna mchezo wa gemu: wanakimbia uwanja mzima, wanaruka mistari, wanapigana na dubwana. Nikamuuliza yeye anakuwa nani. Akasema yeye ndiye aliyetekwa. Kazi yake ni kukaa kwenye benchi mpaka wavulana wamalize kuruka, wamfikie, wamwokoe.

"Unakaa tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Siku nyingine kengele inalia kabla hawajanifikia."

Alilisema bila kinyongo, huku akitafuta kipande cha mkate kilichozama kikombeni. Na hapo ndipo liliponichoma. Angelia ningembembeleza. Lakini hakuwa na la kulia. Alikuwa ananieleza kazi yake, kama mimi ninavyoweza kukueleza kwamba napunguza suruali. Sikulala vizuri. Ndipo nikavaa viatu, na ndipo nikarudi na ile chupa. Rukia aliitazama gemu yangu mpya, akamwona yule msichana anagonga kioo, akasema, "Huyu ni mimi." Akaiweka rimoti juu ya kochi, taratibu, asinivunje moyo, akaenda kuchora.

Enzi zetu, wenzangu, msichana akikaa kitako mchana kweupe watu walimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Nazungumzia Muheza ile ya msimu wa machungwa, malori yamejipanga, na harufu ya maganda imeingia mpaka kwenye madaftari. Tukitoka shule, tumeshafagia uwanja kwa fagio za chelewa na uji wa shule umeshasahaulika tumboni, wasichana walikuwa wanakwenda moja kwa moja kwenye kiwanja cha nyuma ya mashine ya kusaga. Pale ndipo palipochezwa rede. Kwa wale ambao watoto wao wanasoma hii na kuuliza rede ni nini: wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, na mmoja yuko katikati na chupa tupu ya soda. Anatakiwa aijaze mchanga, kwa viganja, huku anakwepa mpira. Ukimgonga, katoka. Akiijaza pomoni, wenzake wote waliotoka wanarudi kiwanjani. Kwa hiyo wengine wanasimama pembeni, roho mkononi, wanamtegemea yeye aliyeinama pale kati.

Mpira tuliushona wenyewe. Ilikuwa soksi ya baba iliyokufa kidole, ikajazwa matambara na mifuko ya nailoni, ikafungwa kwa kamba ya katani. Vijana wa leo gemu ikiwaambia subiri kidogo, najisasisha, wanapiga kelele kama wamechomwa sindano. Mpira wetu ulikuwa ukijisasisha wenyewe kila baada ya mitupo michache. Matumbo nje, kamba huko, na tulikuwa tunayaokota matumbo, tunayarudisha, tunaendelea. Na ukigongwa umegongwa. Hakukuwa na kufufuka palepale huku muziki unalia. Ulikwenda kusimama pembeni na kiburi chako, ukaangalia.

Malkia wa kiwanja kile alikuwa dada yangu, Mwanaidi. Gauni kalifutika kiunoni, kandambili kazivua, ulimi kautoa nje pembeni mwa mdomo. Alikuwa na namna yake ya kuukwepa mpira: harukaruki kama wengine, anajipinda kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina akageuka, na mpira unapita pale alipokuwa. Mkono mmoja kwenye mchanga, mwingine kwenye shingo ya chupa. Nimeona wasichana wakubwa kuliko yeye wakirusha kwa hasira mpaka wanateguka bega.

Mnataka kujua mimi nilikuwa wapi. Wavulana hawakuruhusiwa rede, na hata ningeruhusiwa, mpira niliuogopa. Mwanaidi alinitafutia kazi: mwokota mpira. Ukienda mtaroni naufuata, ukiingia kwa watu nabisha hodi. Nilikuwa napokea cheo hicho kila siku kwa moyo mkunjufu. Na kulikuwa na kazi ya pili, kumwangalia mama kama anakuja, ijapokuwa haikuwa na faida, maana mama hakuwa na ugomvi na rede. Ugomvi wake ulikuwa mwingine. Mwanaidi akirudi nyumbani mapema, gauni halina doa, miguu haina vumbi, mama alikuwa anaacha alichoshika, anamkagua juu mpaka chini, anasema, "Mbona msafi hivyo? Ulikuwa umejificha wapi?"

Jioni, kabla ya chakula, mama alikuwa anatukalisha kuambua kunde, na ili tusitoroke alitusimulia hadithi. Katoka nyumbani kwao, kaenda, kafika kwenye njia panda, akakutana na zimwi, akalidanganya zimwi, akavuka mto. Bakuli lilijaa kunde bila sisi kujua. Nikawa namwona yule mwenye kutembea kama mimi kabisa, ana kaptula yangu iliyotoboka nyuma. Mpaka siku moja Mwanaidi akaropoka kwamba huyo alikanyaga gauni lake kwenye jiwe ndiyo maana akateleza. Gauni gani? Tukagombana. Mimi nasema mvulana, yeye anasema msichana, tumesikiliza hadithi ileile tangu tuna meno ya utotoni na kila mmoja ana mtu wake. Tukapeleka shauri kwa mama. Akafikiri kidogo, maana nadhani hata yeye hakuwahi kujiuliza.

"Huyo ni mwenye safari," akasema. "Ambueni kunde."

Hilo nilikuja kulikumbuka nikiwa Queensbury, nimeshika rimoti, natazama msichana ndani ya chupa. Lugha yetu ilikuwa imeacha kiti wazi, na Mwanaidi alikuwa anakikalia bila kuomba ruhusa. Mwanangu anacheza hadithi ambazo kiti kimeshakaliwa. Hi yuko pale tangu kwenye picha ya jalada, kofia kichwani. Sasa kama kiti hakiko wazi, basi nitafute ambacho kimewekwa kwa ajili yake.

Nikaanza kazi. Nasema kazi na naomba msicheke. Asubuhi mtoto akienda shule, nilikuwa nasogeza suruali za watu kwenye kochi, nakaa, nafungua gemu kuikagua, maana nilijiapiza sitampa mtoto tena kitu ambacho sijakitia ulimini. Nilijifunza kusoma ile namba ndogo kwenye kona ya boksi inayosema mtoto wa umri gani anaruhusiwa. Nilijifunza kutazama video za watu wanaocheza na kuongea peke yao. Nilikutana na mashujaa wa kike, wapo wengi tu, tusiwasingizie watengenezaji. Tatizo ni shughuli zao. Wa kwanza alikuwa hodari wa vita, lakini damu ilitapakaa mpaka nikainua miguu kutoka kwenye zulia, na nguo zake, nakuambia kama fundi, kitambaa kiliisha kabla ya kufika tumboni. Huwezi kupanda milima ya theluji hivyo, utapata kichomi. Mwingine alikuwa na adabu na nguo za kutosha, ila toka alfajiri mpaka magharibi anaoka keki na kumchana farasi nywele. Sina ubaya na keki. Lakini mtoto anayetoka kwenye benchi sitamwingiza jikoni. Mwingine alianza vizuri, ana upinde, ana mbwa. Katikati ya safari akatokea kijana wa kumwonyesha njia, na kuanzia hapo yeye akawa wa kuitikia. Kuna moja ilikuwa inamruhusu mtu yeyote duniani kuongea na mtoto wako wakati anacheza. Hiyo niliifunga haraka kama mlango wa choo.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nakufa. Nilikufa shimoni, nilikufa kwa nyuki, nilikufa kwa kugongwa na jani. Mke wangu alirudi kutoka zamu akanikuta nimesimama nimeinama upande kama gari lenye pancha, naikwepa kwa kiwiliwili bunduki iliyo ndani ya televisheni. Aliuliza kama huo ndio utafiti. Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa, mtafiti, pole na kazi, ila uzi wa cherehani umejizungusha kwenye soksi yako.

Shahidi mwingine wa aibu zangu ni Bi Sharda, jirani yetu wa nyumba inayofuata. Ni mama mtu mzima, mjane, Mhindi mzaliwa wa Korogwe, baba yake alikuwa na duka la nguo kule, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikikosea ngeli ananisahihisha huku ananilipia. Aliingia siku moja na mapazia ya kupunguza, akanikuta ninazama ndani ya gemu. Alikaa kwenye kiti cha wateja na mapazia mapajani, akatazama kwa muda mrefu. Nilidhani ananihurumia.

Halafu nikaipata. Katika zile video nilimwona msichana amefunga kitambaa kichwani, kamba begani, nyundo kiunoni. Mafuriko yameondoka na madaraja yote ya bonde lao, mbuzi wa kijiji wametawanyika milimani, na yeye anatakiwa awakusanye na kuwarudisha kabla ya baridi kuingia. Anafunga kamba, anagonga misumari, anaruka kutoka mwamba hadi mwamba. Akianguka mtoni anatoka, anapiga chafya, anaendelea. Namba ya umri ndogo. Nguo zinatosha, tena koti lina mifuko, na mshono wa bega nimeutazama, mshono wa kazi. Hakuna aliyetekwa. Na wanaweza kucheza wawili: wa kwanza ni yule msichana. Mchezaji wa pili ni mbuzi.

Jumamosi ya mvua nikamwita Rukia. Hakuwa na hamu. Alikaa pembeni mwa kochi kama mtu aliyealikwa kwenye kikao.

"Nani amefungiwa?" akauliza.

"Hakuna."

"Sasa huyo msichana anafanya nini?"

"Anafanya kazi."

Akaifikiria hiyo. Kisha akaichukua rimoti ya kwanza, akanipa ya pili bila kuniuliza, na mimi nikawa mbuzi.

Sasa hapo niwaambie jambo ambalo wazazi wanapompa mtoto jina hawalifikirii. Rukia ni jina la bibi yake, jina zuri, lina heshima. Lakini jaribu kukaa na Rukia mbele ya gemu ya kuruka. Nikimwita nimwonye kwamba daraja limeoza, anaruka. Nikimwambia rukia huku, ananigeukia na kuitika, na wakati ananiitika msichana wetu yuko mtoni, anapiga chafya. Tuliloa sana siku ile. Mwishowe akasimamisha gemu, akanitazama kwa macho ya Mwanaidi, akaniambia, kwa Kiswahili, "Baba, usiniite. Mimi nitakuita."

Nikanyamaza kimya, kwanza kwa utii, pili kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akitunga sentensi nzima ya Kiswahili bila kulazimishwa. Na haikuishia hapo. Aliamua mwenyewe kwamba mbuzi huyu hajui Kiingereza, kwa kuwa mbuzi huyu ni baba na baba katoka Muheza. Kwa hiyo amri zote zikawa za Kiswahili. Mbuzi, kuja. Mbuzi, ngoja hapo. Mbuzi, usikula kamba. Nilitaka kumwambia ni usile. Nikaumeza ulimi. Mbuzi hasahihishi sarufi.

Mbuzi nilikuwa mbaya, lakini yeye, wenzangu, alikuwa na kitu. Anatazama mwamba, anahesabu kichwani, kisha anajipinda kidogo na kurukia pale ambapo mimi nisingedhani pana pa kukanyaga. Ulimi kautoa pembeni mwa mdomo. Hakuna aliyemfundisha. Akifika ng'ambo anafunga kamba, anageuka, ananiambia, "Sasa wewe." Tukawarudisha mbuzi wengi tu kabla ya chakula. Nilikuwa sijamaliza hata pindo moja na sikujali.

Gemu peke yake si kitu, nililijua hilo. Benchi lilikuwa bado liko shuleni, na Jumatatu lingemsubiri. Sikumwuliza. Nilimpeleka, nikamwachia mkono getini, nikarudi nikashona mkono wa koti la mtu ndani nje.

Kama wiki mbili zikapita. Siku moja nimekwenda kumchukua, mwalimu wake ananipungia mkono, nije pembeni. Mnaijua hiyo pembeni. Mwalimu akikuita pembeni, uwe Muheza uwe London, unakuwa na miaka kumi na umevunja dirisha. Nikaenda nikiwa nimeshatayarisha kuomba radhi. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama ninaweza kumweleza maana ya neno moja, kwa kuwa darasa zima linalisema na yeye halipati kwenye kamusi. Kisha akalitamka kwa shida: usikula kamba.

Kumbe Rukia alikuwa amekwenda uwanjani na kamba ya kuruka begani, akawatangazia kwamba mafuriko yamepita na madaraja yamevunjika. Wavulana wakauliza nani katekwa. Akawaambia hakuna, leo wote wana kazi. Wakauliza sasa wao ni nani. Akawaambia wao ni mbuzi. Mwalimu anasema palikuwa na mgogoro mfupi, mpaka mmoja akauliza kama mbuzi anaruhusiwa kupiga vichwa, na Rukia akasema anaruhusiwa, ila taratibu. Mjadala ukaisha. Tangu siku hiyo mapumziko ni kundi la mbuzi, watoto wa Kigujarati, wa Kisomali, wa Kiromania, wasichana kwa wavulana, wanalia mee uwanja mzima, na binti yangu mbele na kamba anawaambia kuja, ngoja, usikula kamba. Na hawafanyi hivyo kwa sababu kawalazimisha. Kila siku wanamfuata wenyewe kumwuliza daraja la leo liko wapi.

Nikauliza kuhusu benchi. Mwalimu akaonyesha kwa kidevu. Benchi ndilo daraja. Wanapita juu yake.

Niwaambie nilijisikiaje? Suruali yangu mwenyewe, niliyoishona kwa vipimo vyangu, ilinibana kifuani, na suruali haifiki kifuani. Nilimweleza mwalimu maana ya maneno yale, nikaongeza na historia ya Muheza ambayo hakuiomba. Njiani Rukia ananisimulia na mimi namwambia kila mtu tuliyepishana naye, hata mzee wa mbwa ambaye hatujawahi kusalimiana. Jioni nikamtumia Mwanaidi ujumbe wa sauti. Siku hizi yeye ni mama mzima, ana duka la vifaa vya ujenzi na wafanyakazi wanaomwogopa. Alicheka mpaka nikasikia wateja wake nao wanacheka. Akaniuliza, "Na wewe huko bado unaokota mpira?" Nikamwambia nimepandishwa cheo, sasa ni mbuzi.

Lakini binadamu hatosheki. Furaha ikipoa kidogo, masikitiko yanavuta kiti. Nilianza kujiuliza kwa nini ilibidi iwe hivi. Kwa nini mtoto wa kike wa leo lazima atafutiwe dukani, akaguliwe namba ya umri, aruhusiwe na boksi, ndipo aruke. Mwanaidi hakununuliwa. Soksi ya baba, chupa ya soda, mchanga wa Mungu, basi. Sasa mwanangu ana nguo safi mpaka Ijumaa. Anaijua milima ya bonde lisilokuwapo, wala hajawahi kuutia mkono kwenye mchanga wenye joto la mchana na kuhisi unavyoteleza kwenye shingo ya chupa. Hajui harufu ile ya maganda. Mvua ya hapa haina hata harufu, inanyesha tu kama inalipwa kwa saa. Tulikuwa na kiwanja, tulikuwa na jua, tulikuwa na mama anayeuliza mbona msafi.

Haya yote nilikuwa nayasema kwa sauti, na aliyekuwa anayasikiliza ni Bi Sharda. Alikuja kufuata mapazia yake. Rukia alikuwa kwenye kochi na rimoti, anatafuta mbuzi wa mwisho aliyejificha nyuma ya maporomoko. Mimi nimesimama na futi ya kupimia shingoni, nimechukuliwa na zamani, namweleza Bi Sharda rede, namweleza namna Mwanaidi alivyojipinda, namweleza kwamba enzi zetu, Bi Sharda, wewe wa Korogwe unajua, enzi zetu watoto wa kike walikuwa huru. Nilikuwa nategemea aitikie, kama watu wa rika letu wanavyoitikiana.

Bi Sharda aliyaweka mapazia chini. Akamtazama Rukia, akaitazama ile rimoti ya pili iliyolala kwenye kochi, kisha akanitazama mimi.

"Enzi zenu hizo, fundi, si zangu," akasema. "Mimi rede niliitazama kwa dirisha la duka mpaka nikaolewa. Sogea huko, huyu mtoto anifundishe, na wewe urudi kwenye cherehani."